Mche bora hautoshi: udongo wa shimo upimwe kabla ya kupanda kahawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakulima wa kahawa wa Moshi na Arusha tumekuwa tukilipita pembeni kila msimu wa kupanda. Miaka hii miche ya aina chotara, zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, imesambazwa kwa wingi vihambani mwetu, yaani kwenye mashamba yetu ya nyumbani ya kahawa na migomba, na hilo ni jema, kwa kuwa mibuni mingi tuliyorithi imezeeka na inakula dawa kuliko inavyotulipa. Hata hivyo si haba wanaolalamika kwamba miche hiyo, baada ya kushika vizuri mwaka wa kwanza, inadumaa mwaka wa pili au wa tatu: majani yanafifia, kiangazi kifupi tu kinainyausha, na mbolea inayowekwa haionekani ilikokwenda. Lawama huelekezwa kwa kitalu, kwa mbegu au kwa mvua. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi tatizo liko ardhini, katika udongo uliokwisha kuwa na tindikali nyingi kupita inavyovumilika na mizizi, na kwamba wakati wa kulirekebisha ipasavyo ni pale shimo linapokuwa bado wazi.

Anayetaka kuhakikisha haya hana haja ya kuanza na karatasi ya maabara. Jirani yangu mmoja hapa Kibosho aliniruhusu kung'oa mbuni wake wa miaka mitatu uliokuwa umegoma kukua, nami niliufukua taratibu kwa uma, upande mmoja, mpaka ukuta wa shimo la zamani ukaonekana. Ndani ya shimo, kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi, mizizi midogo ilikuwa mingi, laini na yenye rangi ya maziwa. Pale udongo mweusi ulipokutana na ule wa kahawia nyekundu wa chini, mambo yalibadilika ghafla. Mizizi iliyojaribu kupenya ilikuwa mifupi na minene, ncha zake zimevimba na kuwa za kahawia, haina matawi wala vinyweleo, na mingine ilikuwa imegeuka na kurudi ndani ya samadi ilikotoka. Mbuni ule ulikuwa umeishi miaka mitatu ndani ya ujazo usiozidi debe chache za udongo, na hakuna ajabu kwamba kila jua lilipowaka ulikuwa wa kwanza kunyauka.

Si kila mzizi mfupi ni mzizi ulioumizwa na tindikali, na haki itendeke. Minyoo fundo huacha vinundu kwenye mizizi midogo. Maji yaliyotuama huiozesha ikawa myeusi na yenye harufu. Mche uliokaa kwenye kiriba kupita kiasi, au uliohamishwa kwa haraka kitaluni, huwa na mzizi mkuu uliopinda kama ndoana, na kasoro hiyo haiondolewi na chokaa wala mbolea. Lakini mizizi inapokuwa mizima ndani ya shimo na kudumaa mara tu inapogusa udongo wa nje, na ikawa hivyo pande zote, tuanze kuushuku udongo wenyewe.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kiwango cha pH, ambacho huanzia 0 hadi 14, huku 7 ikiwa katikati, si tindikali wala si alikali (hali ya magadi). Kila hatua moja kushuka ni mara kumi, hivyo udongo wenye pH 4.5 una tindikali mara kumi ya ule wenye 5.5, tofauti hiyo ya tarakimu moja, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ndiyo inayotenganisha kihamba kinachozaa na kihamba kinachosuasua. Kahawa ya arabika inapenda udongo wenye tindikali kiasi, na hustawi vizuri kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Ikishuka chini ya hapo huvumilia kwa muda, lakini chini ya 5 huanza kuumia, na kinachouumiza mzizi hasa si uchachu peke yake. Udongo wetu, kama udongo mwingine duniani, umejaa alumini, ambayo kwa kawaida imefungwa ndani ya madini na haimdhuru mtu. pH inaposhuka chini ya 5.5, na zaidi inapokaribia 5, sehemu ya alumini hiyo huyeyuka na kuingia katika maji ambayo mzizi huyanywa. Ikifika kwenye ncha ya mzizi hujishikiza katika kuta za seli changa, zile zinazotakiwa kurefuka, na ndani ya saa chache urefukaji husimama. Seli zinazoshindwa kurefuka hunenepa, na ndiyo sababu ya ule unene na uvimbe niliousimulia.

Katika udongo wa namna hiyo kalsiamu nayo huwa imepungua, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kalsiamu haishuki kutoka majanini kwenda mizizini kama sukari inavyoshuka. Ncha ya mzizi inaitegemea ile iliyopo palepale inapopita. Mtu anaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha juu, sentimita kumi za kwanza, na mzizi ulio sentimita hamsini chini ukafa njaa. Ndiyo maana kutia chokaa juu ya ardhi na kuamini kwamba mti utajigawia wenyewe hakutoshi.

Swali linalofuata ni kwa nini ardhi ya volkano, ambayo tumelelewa tukiisifu kwa rutuba, ifikie hali hiyo. Sababu ya kwanza ni mvua. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mjini Moshi haifiki nusu yake, na kadiri unavyopanda kutoka mjini kuelekea msituni ndivyo maji yanavyoosha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha mbali na mizizi. Sababu ya pili ni mavuno. Kahawa imelimwa mlimani hapa tangu wamisionari walipoipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kila gunia lililoshuka mlimani limeondoka na sehemu ya madini ya kihamba. Zamani tulimenya kahawa nyumbani kwa mashine ya mkono, maganda yakarudi kwenye migomba. Leo wengi tunapeleka kahawa mbivu kwenye kiwanda cha pamoja, jambo lililoinua ubora na bei, lakini maganda yanabaki rundo kiwandani, na ni wachache wanaokwenda kuyadai. Tungekuwa waangalifu, hilo pekee lingekuwa ajenda ya mkutano mkuu wa ushirika.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe na mbolea tunazochagua. Mbolea yenye amonia inapofika ardhini hubadilishwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, na katika mabadiliko hayo tindikali huachwa. SA (salfeti ya amonia) ndiyo kali kuliko zote tulizozoea: kwa kanuni inayotumika, mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji takriban kilo 55 za chokaa safi ili kufuta tindikali inayoiacha. Urea ni nafuu kwa kipimo cha naitrojeni, kwa kuwa mfuko wa uzito huohuo una naitrojeni zaidi ya mara mbili na bado unahitaji chokaa pungufu, kama kilo 40 hivi. CAN (kalsiamu amonia naitreti) imetengenezwa pamoja na chokaa ndani yake, na tindikali inayoiacha ni kidogo. Nani kati yetu, Ndugu Mhariri, amewahi kununua mfuko wa chokaa kwa kila mfuko wa SA aliotia shambani? Na kwa kuwa mbolea tunaizungushia kwenye duara lilelile chini ya matawi mwaka hadi mwaka, duara hilo ndilo linalochacha kuliko sehemu nyingine yoyote ya kihamba, na ndilo lililobeba mizizi mingi zaidi.

Niongeze moja ambalo ni la kwetu hasa. Kwa miongo mingi tumepiga mibuni dawa ya shaba ili kuzuia chulebuni na kutu. Shaba haiozi wala haioshwi kwa urahisi. Hubaki kwenye tabaka la juu la udongo. Wakati udongo una pH nzuri huwa imetulia, lakini udongo unapochacha shaba hiyo huamka na kuisumbua mizizi midogo pamoja na ile alumini. Mkulima anayeng'oa mibuni ya babu yake na kupanda aina mpya isiyohitaji dawa nyingi bado anapanda juu ya akiba ya shaba ya miaka yote hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kutouacha udongo uchache.

Hasara ya fedha iko wazi zaidi upande wa fosforasi. Udongo wa volkano una tabia ya kuikamata fosforasi na kuishikilia, na alumini iliyo huru huifanya hali kuwa mbaya zaidi. Mkulima ananunua mbolea yenye fosforasi, kama DAP au NPK, kwa bei anayoijua mwenyewe, anaiweka, fosforasi inafungwa kabla mzizi haujaifikia, na mzizi wenyewe, ukiwa hauna vinyweleo, hauna mkono wa kuifuata. Mtu wa namna hii akishauriwa aongeze mbolea, kama wanavyoshauriwa wengi, anaongezewa gharama na tindikali kwa pamoja.

Sasa nije kwenye chokaa. Kazi yake si kuwa mbolea, ingawa inaleta kalsiamu, na ile ya dolomiti huleta magnesiamu pia. Kazi yake ni kuondoa tindikali, na pH ikifika 5.5 hivi alumini iliyokuwa imeyeyuka hugeuka tena kuwa kitu kisichoyeyuka na kuacha kuusumbua mzizi. Hatuhitaji kufika 7. Anayelenga 7 kwenye kahawa anatafuta matatizo mengine, nami nitayafikia.

Tatizo la chokaa ni uvivu wake wa kusafiri. Chokaa ya mawe iliyosagwa haiyeyuki upesi, na ikimwagwa juu ya ardhi hushuka sentimita chache tu kwa mwaka. Kwenye shamba la mahindi mkulima huichanganya kwa jembe au trekta. Kwenye kihamba chenye mibuni iliyokwisha kukua hawezi, kwa sababu sehemu kubwa ya mizizi inayolisha mbuni imo ndani ya sentimita 30 za juu na jembe litaikata. Kwa hiyo kwenye mbuni uliokwisha kusimama tunachoweza kufanya ni kutibu tabaka la juu kwa subira, miaka kadhaa. Udongo wa sentimita 40 au 60 chini unafikika siku moja tu katika maisha ya mbuni, nayo ni siku ya kuchimba shimo. Mbuni huishi miaka thelathini na zaidi. Kuiacha siku hiyo ipite kwa sababu lori la miche limefika nasi hatujajiandaa ni hasara ambayo hatutaifidia kwa mbolea yoyote.

Kiasi ndicho tunachokosea zaidi. Maabara hutoa ushauri wake kwa tani kwa hekta, kwa kawaida kwa udongo wa kina cha sentimita 20, na mkulima mwenye mashimo hamsini hajui afanye nini na tani. Hesabu yake si ngumu. Hekta moja yenye kina hicho ni mita za ujazo 2,000. Ukiambiwa tani 2 kwa hekta, maana yake ni kilo moja kwa kila mita moja ya ujazo. Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 lina ujazo unaozidi kidogo moja ya tano ya mita ya ujazo, hivyo linahitaji kama gramu 200 tu za chokaa, zilizochanganywa vizuri na udongo wote wa shimo. Nimeona watu wakimimina kilo nzima chini ya shimo na kuweka mche juu yake. Hiyo ni mara tano ya kipimo hicho, tena imekaa mahali pamoja, na mzizi ukiikuta hapo unaepuka tindikali ya udongo kwa kuingia katika ukali wa chokaa.

Kwa mibuni iliyokwisha kusimama hesabu ni ya eneo: tani moja kwa hekta ni gramu 100 kwa mita ya mraba. Mbuni wenye matawi yaliyoenea mita moja kila upande unafunika kama mita tatu za mraba, kwa hiyo gramu 300 zinatosha kwa kila tani iliyoshauriwa. Matandazo yasogezwe, chokaa itawanywe sawasawa bila kurundikwa shinani, kisha matandazo yarudishwe.

Kuna onyo moja juu ya hilo shimo, maana nisipolisema nitakuwa nimewapotosha wasomaji. Ukitengeneza shimo zuri sana ndani ya udongo mbaya sana, umetengeneza chungu. Mizizi itajaa humo na kukataa kutoka, kama ilivyokuwa kwa mbuni wa jirani yangu. Kuta za shimo zisiachwe laini kama zilivyokatwa na sululu. Zikwaruzwe na kuvunjwa. Udongo wa nje ya shimo, nusu mita kuzunguka, nao utiwe chokaa na kuchanganywa kwa uma kabla mche haujapandwa, kwa kuwa hakuna mizizi ya kukatwa wakati huo. Palipo na tindikali kali chini ya kina cha shimo, jasi husaidia: haipandishi pH, lakini huyeyuka kuliko chokaa na kushusha kalsiamu hadi kule ambako chokaa haifiki, na hupunguza makali ya alumini. Samadi iliyoiva na mboji vina nguvu ya namna hiyo pia, kwa sababu mabaki ya viumbe huishika alumini na kuizuia isiguse mzizi. Kwa hiyo wazee wetu waliorundika majani ya migomba chini ya kahawa hawakuwa wakihifadhi unyevu tu.

Aina ya chokaa nayo izingatiwe. Chokaa ya kilimo ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Chokaa ya kupaka kuta imechomwa na kuzimwa. Ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, kiasi kwamba kilo tatu zake zinafanya kazi ya kama kilo nne za ile ya kilimo, na inaweza kuunguza mizizi michanga na mikono ya anayeitumia. Ile iliyochomwa na bado haijazimwa ni kali zaidi na sioni sababu ya kuiingiza kihambani. Ukubwa wa chembe una uzito uleule: chokaa iliyosagwa kama unga hufanya kazi msimu huohuo, na punje zinazozidi milimita mbili zinaweza kukaa miaka bila kufanya lolote la maana. Jivu la kuni lina nguvu ya chokaa pia, pungufu na isiyotabirika, lakini lina potasiamu nyingi. Na kwa kuwa mabaki ya migomba nayo yamejaa potasiamu, kihamba kinaweza kufika mahali potasiamu ikaizidi magnesiamu, majani ya chini ya kahawa yakawa ya njano kati ya mishipa. Hapo dolomiti ndiyo inayofaa, si kuongeza jivu.

Chokaa isichanganywe wala kuwekwa siku moja na samadi mbichi, urea, SA au DAP, kwa sababu itaifukuza amonia hewani, na harufu utakayoisikia ni fedha yako inayoondoka. Ziachanishwe kwa wiki kadhaa. Na wanaotumia fosfeti ya Minjingu ikiwa ghafi, ile ya mwamba uliosagwa, wafahamu kwamba fosfeti hiyo huyeyushwa na tindikali ya udongo yenyewe. Ukiiweka pamoja na chokaa nyingi umeizuia isifanye kazi. Ni afadhali Minjingu itangulie, na chokaa ifuate kwa kipimo.

Nimesema sana kuhusu Kibosho, na wasomaji wa Arusha wanisikilize hapa kwa makini, maana ushauri huu ukibebwa kichwakichwa utawadhuru. Maji ya sehemu nyingi zinazozunguka Mlima Meru yana magadi na floraidi nyingi, na mashamba ya tambarare yanayomwagiliwa kwa maji hayo yanaweza kuwa na pH ya 7.5 au zaidi. Hata kwetu, mashamba ya chini kuelekea ukanda wa mpunga na miwa hayachachi kama ya juu. Kutia chokaa katika udongo wa namna hiyo ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Madini ya chuma, zinki, manganizi na boroni hufungika pH inapopanda, na dalili zake huonekana kwenye majani machanga: yanakuwa madogo na membamba, au ya njano na mishipa ya kijani, na ncha za matawi zinakufa. Mkulima asiye na kipimo ataona unjano huo na kuongeza chokaa tena. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wazo, ambalo nimelisikia katika vikao, kwamba kila mche ugawiwe pamoja na mfuko mdogo wa chokaa. Hata pH pekee haitoshi kujua kiasi. Udongo mzito wenye mboji nyingi wa miteremko ya juu unaweza kuhitaji chokaa mara kadhaa ya ule wa kichanga, ingawa vyote viwili vinasoma 4.8.

Kupima kwenyewe si kazi ya kututisha. Sampuli zichukuliwe sehemu kumi hadi kumi na tano za kihamba kwa mwendo wa zigizaga, kila moja hadi sentimita 20 au 30, na nyingine tofauti kutoka kina cha sentimita 30 hadi 60, kwa sababu ndiko tatizo linakojificha na ndiko tusikokupima. Udongo wa duara la mbolea usichanganywe na wa kati ya mistari. Sehemu za zizi la zamani, za kumwaga majivu na za choo ziepukwe. Kila fungu lichanganywe kwenye ndoo safi ya plastiki na nusu kilo yake ipelekwe maabara. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wako Lyamungu, jirani zetu. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana kituo Selian kwa watu wa Arusha, na Mlingano mkoani Tanga ndiko kwenye wataalamu wa udongo wa muda mrefu. Majibu yakija, mkulima aulize kama pH imepimwa kwa maji au kwa myeyusho wa chumvi, kwa kuwa ya chumvi husoma chini, mara nyingi kwa nusu hatua hadi hatua moja, na wapo waliotia chokaa isiyohitajika kwa kulinganisha namba zisizolingana. Aulize pia kiasi cha alumini. Namba hiyo ndiyo inayoeleza hali ya mizizi.

Ombi langu kwa vyama vya msingi vya ushirika na kwa maofisa ugani ni kwamba orodha ya wanaopewa miche iandikwe mapema, vihamba vyao vikusanywe kwa makundi ya mwinuko na aina ya udongo, na kila kundi lipimwe kabla miche haijaondoka kitaluni. Gharama ya kupima kundi la vihamba ishirini vinavyofanana, ikigawanywa, haitamshinda mtu. Chokaa yenyewe si ghali ikilinganishwa na mbolea. Ughali wake ni usafiri, kwa kuwa ni mzigo mzito wa thamani ndogo. Tanga, ambako hata mapango ya Amboni yamechongeka ndani ya mwamba wa chokaa, si mbali na Moshi, na lori moja lililoagizwa na chama kizima litafika kwa bei ambayo mkulima mmoja mmoja dukani hawezi kuipata. Nimezunguka maduka ya pembejeo ya hapa kwetu nikitafuta chokaa ya kilimo. SA iko rafu ya mbele, chokaa mara nyingi haipo kabisa, na ilipopatikana mfuko haukusema nguvu yake ya kuondoa tindikali wala jinsi ilivyosagwa. Wanaosimamia ubora wa pembejeo wangetusaidia sana kwa kudai maandishi hayo mawili kwenye kila mfuko. Na pale ambapo SA inaendelea kuuzwa kwa wakulima wa kahawa wa miteremko ya juu, ofisa ugani awe na ujasiri wa kuwaambia wahamie CAN, hata kama SA ndiyo iliyopo ghalani.

Kwa wanaotarajia kupanda masika yajayo, ratiba ni hii. Sampuli zichukuliwe Agosti au Septemba, udongo ukiwa mkavu na wepesi kubebeka. Mashimo yachimbwe Oktoba, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, na chokaa ichanganywe na mashimo yafukiwe kabla ya mvua za vuli, kwa sababu bila unyevu chokaa hailegei. Samadi iliyoiva iingie baadaye, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na Machi mche utakuta udongo uliokwisha tulia.

Ni mimi msomaji wako,
Mkulima wa kahawa,
Kibosho, Moshi.